Tathmini ya hatari katika maamuzi ya dhamana: namna ya kuianzisha mahakamani Tanga, hatua kwa hatua

Mshtakiwa anaporudishwa gereza la Maweni kwa kukosa mdhamini mwenye hati ya nyumba, mahakama haijaamua kwamba atatoroka, wala kwamba atamdhuru mtu. Imejua tu kwamba hana ndugu mwenye nyumba. Mwenzake mwenye ndugu wa namna hiyo anatoka siku hiyohiyo, hata kama ndiye mwenye nia ya kuvuka mpaka wa Horohoro usiku. Hapo ndipo utaratibu wetu wa dhamana unapokosea, na ndipo tathmini ya hatari, yaani kupima kama mshtakiwa atarudi mahakamani na kama kuna mtu atakayekuwa hatarini, inapoweza kusaidia.

Mwongozo huu ni wa mahakimu, maafisa probesheni, makarani, waendesha mashtaka na wasaidizi wa kisheria. Kazi inahitaji fomu ya kurasa mbili, simu yenye salio, na daftari linalojazwa kila siku. Kompyuta inaweza kungoja.

Hatua ya 1: Jueni sheria inaruhusu wapi

Namba za vifungu hapa ni za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Toleo la 2022. Mwenye toleo jipya zaidi atafute kwa maudhui, maana namba huweza kuhama.

Kupima hatari si jambo geni katika sheria yetu. Kifungu cha 65 kinawaelekeza polisi, wanapofikiria dhamana ya kituoni, waangalie makazi ya mtu, kazi yake, familia yake, mazingira ya kosa, na uwezekano wa kuingilia ushahidi au kuwatisha mashahidi. Hiyo tayari ni tathmini ya hatari. Kinachokosekana ni fomu, uhakiki na kumbukumbu. Kifungu cha 148(2) kinaongeza kwamba kiasi cha dhamana kisipite kiasi kinachostahili.

Kuna eneo ambalo fomu haina kazi. Kifungu cha 148(5) kinazuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha, na kwa mtu aliyewahi kuruka dhamana au kuvunja masharti yake. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwezi Mei 2020 katika shauri la Dickson Sanga, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwezi Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo kwa makosa hayo msipime. Alama ya "hatari kubwa" kwenye jalada la mtu ambaye mahakama haina mamlaka ya kumdhamini haimsaidii yeyote, na inaweza kumharibia baadaye. Msaada wake uko kwenye kusimamia muda wa upelelezi. Kesi za uhujumu uchumi zina sheria yake, Sura ya 200, na mahakama za mwanzo zina kanuni zake ndani ya Sura ya 11. Msichanganye.

Mtoto chini ya miaka 18 asipimwe kwa fomu hii kabisa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamweka mikononi mwa afisa ustawi wa jamii, na Tanga ina mahabusu ya watoto.

Hatua ya 2: Tenganisheni maswali mawili

Swali la kwanza: atarudi? Swali la pili: kuna mtu atakayekuwa hatarini? Kila moja lina viashiria vyake na dawa yake. Mvuvi wa Deep Sea anayehama na msimu anaweza kukosa tarehe, lakini si tishio kwa mtu. Mume anayeshtakiwa kumpiga mkewe anaweza kuwa na nyumba, ajira ya serikali na wadhamini watano, na bado mkewe akawa hatarini usiku uleule anapotoka. Ukijumlisha alama za maswali hayo mawili kuwa namba moja, unampa mvuvi masharti ya mume, na mume masharti ya mvuvi. Fomu iwe na matokeo mawili, yaandikwe kwenye visanduku viwili.

Swali la kwanza nalo lina watu wa aina mbili ndani yake: anayekimbia, na anayeshindwa kufika. Anayeshindwa kufika alisahau tarehe, hakuelewa alichoambiwa kizimbani, alikosa nauli kutoka Tongoni, au alikuwa dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Wekeni tafsiri ya maandishi kabla ya kuanza. Tunapendekeza hivi: aliyekosa tarehe akajitokeza ndani ya siku 30 amechelewa, ambaye hakujitokeza ndani ya siku hizo na hati ya kumkamata imeshindwa kumleta ameruka dhamana. Bila tafsiri hiyo, kila takwimu mtakayoitoa baadaye itakuwa imewachanganya wasahaulifu na watoro.

Hatua ya 3: Mahojiano

Yafanyike kabla mshtakiwa hajapanda kizimbani mara ya kwanza, dakika 15 hadi 20, na afisa probesheni au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Asiwe mpelelezi wa kesi. Mwambieni mshtakiwa mapema: maswali haya ni ya dhamana tu, unaweza kukataa kujibu, na hatutakuuliza lolote kuhusu kosa. Kisha kweli msimuulize lolote kuhusu kosa. Jibu la "nilikuwepo lakini" likishaandikwa kwenye fomu linaweza kugeuka ushahidi, na watu wakisikia hivyo hakuna atakayewajibu tena.

Ulizeni haya:

- Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na jina analojulikana nalo mtaani. Hati za kukamata hushindwa kwa sababu Makorora nzima inamjua kwa jina la utani ambalo halipo kwenye jalada.
- Mtaa, jina la mwenyekiti wa mtaa, amekaa hapo tangu lini, analala kwa nani.
- Namba mbili za simu: yake, na ya mtu anayeonana naye kila siku. Laini hubadilishwa mara kwa mara; ya mama au ya jirani ndiyo hudumu.
- Shughuli yake na nani anamtegemea.
- Huenda wapi msimu ukibadilika.
- Atafikaje mahakamani, na nauli ni kiasi gani kwenda na kurudi.
- Kesi nyingine inayoendelea, na kama aliwahi kuitwa akakosa kufika. Kwa nini?
- Dawa anazotumia kila siku.

Swali la msimu linastahili muda. Ukanda wetu una watu wanaohama kwa kazi bila kukimbia chochote. Wavuvi huenda dago kaskazi na kusi, wengine hadi Pemba au upande wa Vanga. Wanaovua dagaa kwa taa hufanya kazi siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi. Wakata mkonge huhama kambi. Andikeni jina la nahodha au msimamizi wa kambi, kijiji cha dago, na siku anazokuwa nyumbani. Taarifa hiyo hiyo inayoonekana kama dalili ya kutoroka ndiyo itakayomsaidia hakimu kupanga tarehe ambayo mtu ataifikia.

Swali la dawa nalo lisipitwe haraka. Anayekunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwenye kliniki ya hospitali ya Bombo anakwenda pale kila siku. Huyo ana mahali pa kumpata kuliko watu wengi wenye ajira, na kumweka ndani kunaweza kumkatizia dozi. Lakini katika mazoea ya mahakamani mtu wa namna hii huonekana teja tu, na anapewa masharti mazito.

Hatua ya 4: Uhakiki

Pigeni simu kwa watu wawili tofauti, mmoja wa familia na mmoja asiye wa familia: mwenyekiti wa mtaa, mwajiri, kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia fukwe), imamu au mchungaji. Waulizeni maswali ya wazi ("Unamfahamu tangu lini? Anaishi wapi sasa?"), msiwape jibu la kuthibitisha. Kila kipengele kiandikwe kimoja kati ya vitatu: kimethibitika, hakijathibitika, kimekanushwa. "Hakijathibitika" si sawa na "kimekanushwa". Simu isiyopokelewa saa 2 asubuhi haimfanyi mtu kuwa mwongo. Wekeni nafasi ya kupiga tena mchana, na hakimu aweze kuahirisha suala la dhamana hadi saa 8 siku ileile badala ya wiki mbili.

Barua ya mtendaji isiwe ndiyo uhakiki pekee. Ndugu wanaofuatilia barua hupoteza siku, wakati mwingine siku mbili kama mtendaji yuko kwenye kikao, na muda wote huo mtu yuko ndani. Simu kwa mtendaji inaipa mahakama taarifa ileile.

Hatua ya 5: Alama, na kwa nini msikopi za nje

Mfano wa kwanza unaojulikana sana ulianza New York mwaka 1961, mradi wa dhamana wa Manhattan ulioendeshwa na Taasisi ya Vera. Wanafunzi wa sheria waliwahoji washtakiwa kuhusu makazi, familia, kazi na rekodi ya makosa, wakatoa alama, na aliyefikisha alama 5 alipendekezwa aachiwe kwa ahadi yake mwenyewe. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba Marekani ilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Dhamana mwaka 1966. Chombo kinachotumika zaidi sasa, Public Safety Assessment, kina vigezo 9 na hakina mahojiano: kinasoma umri, kesi zilizopita na rekodi ya kutofika. New Jersey inakitumia tangu Januari 2017.

Chombo cha pili kinategemea kumbukumbu za kesi zilizokamilika na zilizounganishwa. Zetu ziko kwenye madaftari ya mahakama tofauti, na mfumo wa kielektroniki haujafika nyuma sana. Kwa sababu hiyo njia ya mahojiano inatufaa zaidi kwa sasa. Lakini msichukue uzito wa alama za Manhattan. Kuwa na simu ya mezani mwaka 1961 kulimaanisha kitu New York; hakumaanishi kitu Mabawa.

Mwaka wa kwanza tumieni orodha ya vipengele bila namba: makazi, mtu wa kumpata, wajibu wa kila siku, rekodi ya kutofika ndani ya miaka 2, kesi nyingine inayoendelea, na viungo vya nje ya nchi. Wakati huohuo chukueni majalada yaliyofungwa ya miaka 2 iliyopita, 500 kama yanapatikana, na katika kila moja andikeni: dhamana ilitolewa au la, masharti, tarehe alizokosa, alirudi baada ya siku ngapi, na vipengele vile sita. Kisha ndipo mtafute uzito. Kanuni ya kawaida ya wanatakwimu ni angalau matukio 10 kwa kila kipengele. Kama katika majalada 500 walioruka ni 40, hamwezi kupima zaidi ya vipengele 4. Mkilazimisha 12, mtapata namba zinazopendeza kwa majalada yale na zisizofaa kwa mshtakiwa wa kesho.

Kumbukeni pia kwamba majalada yanaonyesha waliodhaminiwa tu. Walionyimwa hatujui wangefanya nini, na chombo kitajifunza mazoea ya mahakama pamoja na tabia za watu.

Na hata chombo kizuri hukosea zaidi kuliko kinavyoonekana. Tuseme kati ya washtakiwa 100, watakaoruka ni 8. Fomu yenu inawanasa 6 kati ya hao 8, na inawatambua sawasawa robo tatu ya wale 92 waaminifu. Inasikika vizuri. Lakini robo iliyobaki ya 92 ni watu 23. Jumla ya waliopewa alama ya hatari kubwa ni 29, na wanaoruka kweli ni 6. Ukiwafungia wote 29, umewanyima uhuru watu 23 ambao wangerudi. Kila hakimu anayepokea fomu anapaswa kuwa na hesabu hii mezani, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwamba alama kubwa ni sababu ya kuongeza msaada na uangalizi. Kwa kufungia mtu haitoshi peke yake.

Hatua ya 6: Kutoka alama hadi masharti

Masharti yaendane na hatari iliyoonekana, moja kwa moja.

Hatari ndogo ya kutofika: ajidhamini mwenyewe kwa maandishi, na akumbushwe kwa simu. Hatari ya kati: mdhamini mmoja anayemfahamu, hata kama hana hati ya nyumba, akumbushwe kwa namba zote mbili, na tarehe ipangwe kwa kuangalia kazi yake. Hatari kubwa: wadhamini wawili, pasipoti iwekwe mahakamani, asitoke nje ya wilaya bila ruhusa, na kuripoti kituoni.

Kuripoti kituoni ndilo sharti linalotumika vibaya zaidi. Kumtaka mtu wa Pongwe aripoti Chumbageni kila Jumatatu ni kumtoza nauli na siku ya kazi kila wiki. Wiki ya tano anakosa, na sasa amevunja sharti, na kifungu cha 148(5) kinamgeukia. Sharti alilowekewa ndilo limemfanya aonekane mtoro. Kama kuripoti ni lazima, iwe kituo cha karibu au kwa mtendaji wake, mara moja kwa mwezi.

Kwa hatari dhidi ya mtu, fedha hazilindi chochote. Tumieni katazo la kumkaribia mlalamikaji au mashahidi, anwani nyingine ya kulala, na mlalamikaji apigiwe simu kabla mshtakiwa hajatoka. Hilo la mwisho hugharimu dakika tatu, na likisahaulika mtu anaweza kuumia.

Kiasi kikiwekwa, kianzie kwenye kipato. Anayeingiza shilingi 8,000 kwa siku hupata kama 200,000 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Bondi ya milioni 5 yenye mali isiyohamishika kwake ni sawa na kunyimwa, ila bila sababu kuandikwa.

Hatua ya 7: Ukumbusho

Mkiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanyeni hili. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuandika upya fomu ya samansi kwa lugha iliyo wazi kulipunguza kutofika kwa asilimia 13, na ujumbe wa simu kwa asilimia 21. Hakuna sharti la mali lililohitajika.

Tumeni mara tatu: siku 7, siku 3 na siku 1 kabla. Ujumbe uwe mfupi na wa Kiswahili cha kawaida:

"Kesi yako Na. ___ ni Jumanne tarehe ___ saa 3 asubuhi, Mahakama ya Wilaya Tanga, chumba ___. Panga nauli na ruhusa ya kazi leo. Ukikwama piga ___ kabla ya siku hiyo. Usipofika bila taarifa, hati ya kukukamata hutolewa."

Usitaje kosa, simu ya jirani inasomwa na jirani. Asiyejua kusoma apigiwe. Na namba ya "ukikwama" ipokelewe na mtu mwenye ruhusa ya kumweleza hakimu, vinginevyo ni ahadi ya uongo.

Hatua ya 8: Hakimu na sababu zake

Fomu inashauri, hakimu anaamua. Apewe nakala yeye, upande wa mashtaka na mshtakiwa au wakili wake, ili kila mmoja aweze kusema "hapa mmekosea". Hakimu akienda kinyume na pendekezo, kwa kulegeza au kukaza, aandike sababu katika sentensi mbili. Jimbo la Kentucky, Marekani, lilifanya tathmini kuwa ya lazima mwaka 2011. Utafiti wa Megan Stevenson wa 2018 ulionyesha kwamba mabadiliko yalikuwa madogo, na yakafifia jinsi mahakimu walivyorudia mazoea yao. Fomu isiyofuatiliwa huishia kuwa karatasi ya kuambatanisha kwenye jalada.

Fomu zifungwe kabatini, mbali na jalada la ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, hasa kwa taarifa za afya.

Hatua ya 9: Pimeni upendeleo kila robo mwaka

Mwaka 2016 shirika la habari la ProPublica lilichunguza COMPAS, chombo cha kutabiri nani atarudia kosa, katika kaunti ya Broward, Florida, likakuta kwamba watu weusi ambao hawakurudia kosa walikuwa na uwezekano karibu mara mbili ya weupe wa kupewa alama ya hatari kubwa. Chombo hakikuuliza rangi. Kilipitia njia nyingine.

Kwetu njia hizo tunazijua: nyumba ya kupanga, kukosa kitambulisho cha NIDA, kuzaliwa mkoa mwingine na kuishi kambi ya mkonge, kutoka Pemba, mwanamke ambaye kiwanja kiko kwa jina la mume. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba mtu atakimbia. Kila miezi mitatu gaweni waliodhaminiwa kwa makundi hayo na muangalie: kati ya waliorudi tarehe zote, wangapi walikuwa wamepewa alama kubwa? Kundi moja likizidi jingine sana, kipengele kinachosababisha kitolewe, hata kama kilionekana kusaidia utabiri.

Daftari lenu la robo mwaka liwe na namba nne: waliotathminiwa, waliodhaminiwa siku ya kwanza, waliokosa tarehe wakarudi, walioruka. Ongezeni ya tano, ambayo mahakama hazina mazoea ya kuihesabu: waliopewa dhamana lakini wakabaki ndani kwa kushindwa masharti. Hiyo ndiyo namba ya kwanza kuangaliwa na hakimu mfawidhi.

Hatua ya 10: Aliyebaki ndani

Kila anaporudishwa mahabusu, kesi isiahirishwe zaidi ya siku 15. Tumieni kila tarehe kumpima upya: mdhamini amepatikana? Shahidi aliyeogopewa ameshatoa ushahidi? Simu iliyokuwa haipokelewi imepokelewa? Afisa apite Maweni angalau mara moja kila wiki mbili na orodha ya waliobaki kwa kushindwa masharti, aanzie na waliokaa muda mrefu.

Masharti yakibaki mazito, kifungu cha 148(3) kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru dhamana itolewe au ipunguzwe, kwa makosa yasiyozuiwa. Ombi liambatanishwe na fomu ya tathmini, majina na namba za watu wawili waliothibitisha, maelezo ya kipato, na nakala ya mwenendo inayoonyesha masharti yaliyowekwa na tarehe aliyoshindwa kuyatimiza.